Waongo Wanne na Kiti cha Janet

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kitabu kimechinjwa leo saa kumi alasiri, mbele ya mashahidi. Khubaib alishika kisu, akakata uzi wa mgongoni, na riwaya nzima ikalala mezani vipande vitano. Miaka thelathini na minane tunafanya hivi na bado moyo wangu hushtuka.

Naeleza, ili atakayesoma shajara hii nikishakufa asipotee. Sisi ni chama cha wasomaji. Zamani tulikuwa kumi na tisa: makarani wa reli, watu wa bandari, walimu, mafundi wa Mji wa Kale. Tumebaki wanne. Nakala ya kitabu huwa moja tu, kwa hiyo Khubaib, ambaye kazi yake ni kujalidi vitabu, hukifumua. Kila mtu huchukua sehemu, kisha tunabadilishana. Sura ya mwisho hufungiwa kwenye mkebe wa biskuti wenye kufuli. Kabla haijasomwa, kila mmoja huandika jina la muuaji na kulitia kwenye bahasha. Aliyepatia hukalia kiti cha enzi cha babu yake Khubaib, kile cha mpingo chenye kamba za kusuka, mpaka kitabu kijacho.

Marehemu mke wangu Janet alikikalia miaka kumi na moja. Hakukosea hata mara moja! Mkono wa kushoto wa kiti una duara jeupe la kikombe chake cha chai. Tangu atutoke, miaka mitatu sasa, anakikalia Bi Mwanarusi, mwalimu mstaafu, naye amekiletea mto. Mto wa maua ya zambarau. Nauchukia mto ule.

Leo Khubaib katupa habari. Macho yamechoka, duka anafunga mwisho wa mwezi. Hiki ndicho kitabu chake cha mwisho. Na kiti? Mshindi atakwenda nacho kwake, kiwe chake. Bi Mwanarusi akauweka sawa mto. Nikamwona!

Kiti cha Janet hakiendi Kuze kwa Bi Mwanarusi. Kinakuja Bondeni, kwangu. Lazima nishinde, kwa njia yoyote.

Riwaya yenyewe: tajiri kakutwa amekufa chumbani, dirisha limefungwa. Wanasimulia wanne, mjane wake, daktari wake, dada yake, na mpangaji wa chini. Siku ni ile ile, kila mtu na lake. Bi Mwanarusi akatuonya kwamba vitabu vya namna hii wasimulizi wake ni waongo, tusimwamini hata mmoja. Nikamjibu kwamba mimi, Jared Oloo, nimekaa dirisha la vifurushi la reli miaka thelathini na mmoja, na nimeshaambiwa gunia la papa mkavu ni nguo za harusi. Mimi sidanganyiki.

Nimepata sehemu ya mjane.

Jumatano, 6 Agosti

Mjane nimemmaliza. Maskini mwanamke! Analia kurasa tatu mfululizo. Mumewe alikuwa mzima, daktari akaingia na mkoba, mumewe akawa maiti. Muuaji ni daktari. Sina shaka.

Hata hivyo, mtu mwerevu huthibitisha. Nimenunua viazi karai na ukwaju wake, nikaenda kumtembelea Mwikali, ambaye ana sehemu ya daktari. Mwikali alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini na hadi leo huhesabu kila kitu, pamoja na viazi nilivyompelekea. Nikamuuliza habari za magoti. Nikamuuliza habari za kwaya. Kisha, kwa mbali sana, nikamuuliza kama daktari ni mtu wa kuaminika. Akatazama mlango, akaninong'oneza kwamba daktari anakiri kila kitu ukurasa wa kwanza kabisa.

Ushindi! Nimerudi nyumbani kwa miguu, napiga mluzi kama kijana.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumebadilishana. Sasa daktari ninaye mimi. Ukurasa wa kwanza hakuna kukiri. Ukurasa wa pili hakuna. Mwikali kanidanganya! Mtu wa kwaya! Na viazi kala vyote.

Jumamosi, 9 Agosti

Daktari ni mtu muungwana mno. Anaeleza polepole, anataja saa na dakika, kama karani mzuri wa reli. Na ukurasa wa 112 anasema alimwona mjane akifuta komeo la dirisha kwa pindo la leso. Komeo! Nimesimama kabisa. Muuaji ni mjane. Yale machozi yote yalikuwa ya uongo. Sina shaka.

Janet angecheka. Jumapili mchana, tulipokuwa tunakaa nyumba za reli, alikuwa akisoma na miguu yake kwenye beseni la maji. Treni ya Nairobi ilikuwa ikichelewa mpaka adhuhuri. Ikipita Kibarani, abiria walikuwa wakifunga madirisha kwa harufu ya jaa, na ikisimama stesheni sisi tuliiona harufu ile bado imekunja nyuso zao. Siku hizi Kibarani pananukia nyasi na treni inaishia Miritini. Mimi nilikuwa nikirudi zamuni, naye akinisomea kipande, ananiuliza muuaji ni nani. Namtajia. Ananisomea kipande kingine, nabadilisha. Alikuwa akisema, Jared, wewe unamwamini kila anayesema mwisho. Kisha anacheka mpaka maji ya beseni yanamwagika. Nimemkumbuka leo vibaya sana.

Basi. Kazi. Huu ukurasa wa 112 Bi Mwanarusi hapaswi kuuona, na ndiye anayepokea kutoka kwangu. Nimeukata kwa wembe, taratibu, karibu kabisa na mshono. Kazi safi. Nikainua kile kipande kuitazama kazi yangu, na ukurasa wa 97 ukadondoka kwenye chai.

Loo! Miaka yote ile nilikuwa nikibeba madaftari ya vifurushi kuyapeleka kwa baba yake Khubaib kujalidiwa. Mzee yule alikuwa akinipa kahawa ya tangawizi na kunishikisha uzi wa katani, akinionyesha jinsi karatasi kubwa hukunjwa, kurasa kumi na sita kila mkunjo, na kwamba ukurasa wa kwanza wa mkunjo na wa mwisho wake ni karatasi moja. Ukikata huyu, mwenzake anakosa pa kushika. Nilimsikiliza kwa makini sana. Nimesahau kabisa.

Nimeukausha ukurasa wa 97 kwa pasi. Nimepika gundi ya unga wa ngano. Nimeubandika. Ulipokauka nikagundua nimeubandika kichwa chini.

Ukurasa wa 112 nimeuficha ndani ya Biblia ya Janet. Ilijifungua yenyewe kwenye Kutoka ishirini, zile amri. Nikauhamishia Mambo ya Nyakati. Huko hakuna anayefika.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumebadilishana tena. Bi Mwanarusi kapokea daktari, kafunua, kaugeuza ukurasa wa 97 juu chini, chini juu, kisha kaniangalia juu ya miwani. Nikasema vitabu vya siku hizi vinachapwa ovyo. Akasema ndiyo, Bwana Oloo, tena huku vinanukia chai.

Mwikali, bila kuulizwa, akataka kujua kama nami nilifurahia pale kwenye komeo la dirisha. Jasho jembamba! Yeye alimsoma daktari kabla yangu, ukurasa wa 112 upo kichwani mwake, na huenda umo pia kwenye daftari lake, maana sehemu zote kazihesabu kurasa. Vipi sikulifikiria hili?

Haidhuru. Nimepata sehemu ya dada wa marehemu. Mwanamke mcha Mungu, alimlea ndugu yake tangu utotoni. Anamtilia shaka mpangaji, ambaye kodi ilimshinda na alikuwa akipanda ngazi bila viatu. Muuaji ni mpangaji, wazi kabisa. Kumbe mjane nimemwonea bure. Na wembe wangu umekwenda bure.

Ijumaa, 15 Agosti

Nina mpangaji tangu jana. Kijana mkweli sana. Muuaji ni dada.

Nimekaa barazani nikafikiri. Mjane mkweli, daktari mkweli, dada mkweli, mpangaji mkweli, na tajiri bado amekufa. Kura ni kesho. Haya si mambo ya kusoma tena. Haya ni mambo ya mkebe.

Ijumaa Khubaib hufunga duka kwenda msikitini. Kwa miaka mitatu, kila Ijumaa kabla ya kura, hunitumia salamu nimshikie duka, nami hukataa. Ijumaa ni siku ya pilau kwa jirani yangu, na sioni sababu ya kulinda gundi na pilau inapoa. Leo nilikwenda mwenyewe, sikungoja salamu. Khubaib akafurahi mpaka akanikumbatia. Akasema angechelewa kidogo, nisiwe na haraka.

Nikabaki peke yangu na mkebe. Duka lile! Harufu ile ile ya gundi na ngozi tangu mwaka wa themanini na moja, ofisi iliponituma hapa mara ya kwanza na daftari lililotafunwa na panya, mimi mgeni wa kutoka Siaya nisiyejua hata kujibu sabalkheri. Khubaib alikuwa kijana wa rika langu, akanicheka, akanifundisha. Kiti kilikuwa pale pale. Nikaona aibu kukikalia kabla ya kushinda.

Nikachukua msharasi, ile sindano nene ya kutobolea majalada, nikautia kwenye kufuli. Nikazungusha kulia. Nikazungusha kushoto. Tak! Ncha ikavunjikia ndani.

Nimejaribu kuitoa kwa pini. Nimejaribu kwa kupuliza. Nimepiga mkebe chini ya meza kama anayetoa jini. Khubaib akarudi na kahawa, mimi nimeukalia. Akanishukuru. Akasema, "Yakhe, duka likiwa nawe mimi sina wasiwasi." Nimeona aibu njia nzima kutoka pale mpaka Makadara, karibu na nyumbani, na sikuweza kuimaliza ile kahawa.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya kura.

Bahasha nne mezani. Bi Mwanarusi kwenye kiti, mto mgongoni. Khubaib akatoa ufunguo, ukakataa kuingia. Akainama, akachungulia tundu la kufuli. Akautazama msharasi usio na ncha. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeanza kusema kwamba hewa ya pwani huharibu chuma, yeye akaupindua mkebe juu chini, akagonga kitako mara moja kwa kidole gumba, na kitako kikafunguka chenyewe.

Akasema kitako kile hakijashika miaka kumi na minne. Akasema aliyekilegeza ni marehemu Janet, kwa kijiko cha chai. Kila Ijumaa ya mwisho alikuwa akija kumshikia duka, akimwambia asiwe na haraka msikitini, na akirudi humkuta ameketi vizuri, anatabasamu, anajua muuaji.

Nilimwambia ni uongo. Nilisema kwa sauti kubwa. Janet wangu! Hakuwahi kukosea! Mwikali akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tujuane. Khubaib hakubishana nami. Akasema baadaye atanipa kitu, sasa tusome.

Bi Mwanarusi akasoma sura ya mwisho kwa ile sauti yake ya darasani. Muuaji ni mjane! Mjane! Ambaye nilimkamata Jumamosi iliyopita, nikamwachilia Jumatatu! Mimi nilikuwa nimeandika dada. Mwikali daktari, Khubaib mpangaji. Bi Mwanarusi pekee ndiye aliyeandika mjane, bila hata kuuona ukurasa wa 112. Nikamuuliza kajuaje. Akasema mwanamke analia kurasa tatu na jina la mumewe halitaji hata mara moja. Akasema mtu akimlilia mtu wake hulitaja jina.

Kiti ni chake. Nimekipoteza. Nimepoteza kiti cha Janet, na leo naona nimempoteza na Janet mwenyewe mara ya pili, maana huyu wa kijiko simjui.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Khubaib alikuja mwenyewe baada ya alasiri na bahasha kuukuu. Ndani yake mna vikaratasi ishirini na viwili, mwandiko wa Janet, vyote alikuwa akiviacha mle mkebeni. Khubaib kavitunza vyote.

Cha kwanza: "Khubaib, nisamehe. Mara ile nilipatia kwa bahati tu, na Jared akaitangazia ofisi nzima ya vifurushi kwamba mkewe hakosei. Sasa nitakosea vipi?" Cha pili: "Asante. Ni mpwa wake. Jared anasema ni baharia. Usimwambie." Cha saba: "Jared kamwambia hata stesheni masta. Tumekwisha." Vyote vina herufi moja tu chini, J.

Ni kweli nilitangaza. Nilikuwa nikimwambia kila aliyekuja kuchukua kifurushi. Abiria wa Voi wasiomjua! Nilikuwa najivuna naye mno, na yeye kumbe alibeba mzigo wa majivuno yangu miaka kumi na moja, kijiko mkobani, asiniangushe.

Cha mwisho mwandiko umeyumba. "Khubaib, hiki sitakifikisha mwisho, nimeusoma mwisho kwanza. Nikiondoka mwachie Jared mkebe Ijumaa. Ashinde japo kimoja. Amekitamani kiti siku zote ila hasemi."

Nimelia. Naandika wazi, hakuna wa kunicheka. Nimelitaja jina lake mara nyingi.

Khubaib akangoja nimalize, kisha akaniuliza, kwa upole, miaka mitatu nzima alikuwa akiniita nilinde duka, je, nilikuwa wapi? Nikasema pilau. Akasema na juzi, nilipokuja hatimaye, kwa nini nilihangaika na kufuli? Tulicheka mpaka jirani akatokea mlangoni na sahani.

Jumanne, 19 Agosti

Bi Mwanarusi kaleta ujumbe. Kiti hakipiti ngazi za nyumba yake Kuze, ni nyembamba. Atashukuru nikimwekea kwangu, maana mimi nakaa chini. Ni chake, nimwekee tu. Na kwa kuwa duka linafungwa, chama kikutane kwangu. Mwikali kaninong'oneza kwamba yeye alizipima ngazi zile kwa utepe wiki iliyopita, na kiti kinapita na nafasi ya shibiri inabaki. Lakini Mwikali ndiye aliyeniambia daktari amekiri. Nimeamua kuziamini ngazi.

Jumamosi, 30 Agosti

Kiti kimefika Bondeni kwa tuk-tuk, miguu nje, mimi nimekishikilia kama mgonjwa. Kipo dirishani. Mto wa zambarau umekuja nacho, ni sharti la Bi Mwanarusi. Hauna ubaya sana, mgongo unaupenda. Nimeweka kikombe changu juu ya lile duara jeupe. Kimekaa sawasawa.

Jana Khubaib kafumua kitabu kingine hapa kwangu. Kitabu cha mwisho kilikuwa cha mwisho cha duka, anasema, hiki ni cha nyumbani. Waongo watatu safari hii, na meli. Ukurasa wa 112 nimeurudisha kwa mikono yangu, na ule wa 97 Khubaib kaushona upya. Sura ya mwisho ya kitabu kipya imo mkebeni, kufuli jipya, na mkebe wameuacha kwangu. Kwangu! Hiyo ndiyo imani. Nimeweka mkono juu ya Biblia ya Janet nikaapa kwamba safari hii nitasoma kama mtu mzima, ukurasa kwa ukurasa, na nitashinda kwa akili yangu.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi.

Saa tano nilikuwa natafuta kijiko cha kukoroga chai, na droo ikanipa kile cha Janet. Nikautazama mkebe. Kitako kilifunguka kirahisi mno, ajabu nilivyosumbuka kule. Ndani hamna sura. Kuna kikaratasi tu, mwandiko wa ubaoni: "Bwana Oloo, sura ya mwisho ninayo mimi. Muuaji ni mpishi. Usijisumbue kusoma. Mwanarusi."

Mwanamke mwema kiasi gani! Na mimi nilivyomsema! Kwenye kitabu sijamwona mpishi yeyote bado, ila niko ukurasa wa kumi na moja, na meli haiwezi kukosa mpishi.

Nimekata kikaratasi changu, nikaandika, "Asante. Nimesoma. Usimwambie mtu. J." Nikakitia mkebeni, nikarudisha kitako. Kisha nikajaza bahasha yangu ya kura, nikaiziba kwa gundi. Mpishi. Sina shaka.